Diski ya seva haichaguliwi kwa gigabaiti

Mkiwa na jamaa anayefanya kazi za kompyuta mnajua mambo yake: kila anayetaka kununua kitu humtafuta yeye kwanza. Mie nakaa Husby, kaskazini ya Stockholm, stesheni moja tu ya treni kutoka Kista kwenye makampuni ya mitambo, na kazi yangu ni seva. Kwa hivyo meseji hazikauki, kutoka Maskati, Dubai, hata Doha: "Nimeona SSD ya terabaiti moja, bei nzuri sana. Niitie kwenye seva ya duka?"

Nami jibu langu huwa swali: hiyo seva yako inaandika kiasi gani kwa siku? Wengi hawajui. Na bila ya kulijua hilo, bei nzuri haina maana yoyote.

SSD haina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Ina seli ndogo ndogo zinazoshika chaji ya umeme, na kila seli ikiandikwa inachakaa kidogo. Kusoma hakuichoshi hivyo. Kuandika ndiko kunakoimaliza. Ndiyo maana mtengenezaji hutaja kwenye karatasi ya maelezo jumla ya terabaiti anazozidhamini, kwa herufi TBW. Chukua Samsung mbili za nyumbani za terabaiti moja. 870 QVO imeandikiwa TBW 360 na dhamana ya miaka 3, 870 EVO TBW 600 na miaka 5. Kwa sura ni ndugu, dukani zinakaa rafu moja, na muuzaji atakwambia zote "terabaiti moja tu, hamna tofauti".

Sasa piga hesabu. Jengo lina kamera 16 za ulinzi, kila moja inatoa megabiti 4 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti 43 kwa siku kwa kamera moja, na kama 690 kwa zote. Ile QVO itafika kikomo cha dhamana yake katika miezi 17 hivi, na EVO katika miaka miwili na miezi minne. Si kwamba itakufa siku hiyohiyo, lakini kuanzia hapo mtengenezaji hana tena deni kwako. (Kwa kamera peke yake, mie nasema nunueni diski ya kuzunguka iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ni rahisi zaidi na inatosha.)

SSD za seva zina kipimo chengine, DWPD: mara ngapi kwa siku unaweza kuijaza diski nzima, kila siku, mpaka dhamana iishe. Samsung PM893 ya gigabaiti 960 inaruhusu mara moja kwa miaka 5, yaani terabaiti 1,752. Za kazi nzito ya kuandika huruhusu mara 3 na zaidi. Intel DC S3700 ya mwaka 2012 ilifika mara 10! Siri yake moja ni kwamba kila seli ilishika biti mbili tu, wakati QVO inabanwa biti nne kwenye seli moja. Ukibana sana unapata ukubwa kwa bei ndogo, na unalipa kwa umri.

Lakini khasa ninachokitafuta mie kwenye diski ya seva ni kapasita za kuishikilia umeme ukikatika. Diski nyingi za nyumbani huipokea data, huiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, na kuiambia kompyuta "nishaandika" kabla haijafika kwenye seli. Umeme ukikatika hapo, mauzo ya dakika ya mwisho yamekwenda, na pengine faili zima la hesabu limeharibika. Programu nzuri ya hifadhidata huilazimisha diski iandike kweli kila mara, na ndipo diski ya nyumbani inapoanza kutambaa kama kobe. Ile ya seva ina akiba ya umeme ya kutosha kumaliza kuandika, kwa hivyo inajibu haraka bila ya kusema uwongo.

Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawahitaji kuelezwa kukatika kwa umeme. Miezi mitatu kisiwa kiliishi kwa majenereta. Lakini msidhani Ulaya tumesalimika. Machi 2001 nyaya ziliungua ndani ya handaki upande wetu huku, na Kista, Husby, Akalla, Rinkeby na Tensta zikakaa gizani zaidi ya siku nzima, watu kama 50,000. Mwisho wa Mei 2002 yakatokea yaleyale, handaki lilelile. Hapo ni mlangoni kwa Ericsson, jamani.

Sasa jambo la kwetu wa Ghuba, ambalo sijaona muuzaji akilitaja. Kiwango cha JEDEC kinachofuatwa na watengenezaji kinataka SSD ya nyumbani, ikishamaliza umri wake wa kuandikwa, iweze kushika data bila ya umeme mwaka mmoja kwenye nyuzi joto 30. Ya seva je? Miezi 3 tu, kwenye nyuzi 40. Mantiki yake ni kwamba diski ya seva haizimwi. Ikiwa mpya hushika muda mrefu zaidi ya huo, lakini joto huiharakisha chaji kuvuja. Basi mtu anayeichomoa diski kuukuu ya seva, akaitia picha za harusi na sauti za bibi, akaifungia stoo ya juu ya paa, akaenda zake Zanzibar Juni mpaka Septemba, anacheza na khatari. Ughali wake haumsaidii kitu hapo.

Na msinunue zote siku moja mkadhani RAID imekulindeni. Novemba 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zina kasoro ya programu: zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa na data yake. Zilizowashwa pamoja zingekufa pamoja. Dawa ilikuwa kusasisha programu ya ndani ya diski kabla ya saa hiyo.

Kupima si kazi ngumu. Diski nyingi huhesabu zenyewe kiasi kilichoandikwa. Soma namba hiyo leo, isome tena baada ya wiki, gawa kwa saba. Binamu yangu mwenye maduka Ruwi alikuwa tayari kulipia diski ya mara 3 kwa siku. Tulipopima, seva yake ilikuwa inaandika gigabaiti 40. Alichukua ya mara moja, yenye kapasita, na kwa pesa iliyobaki akanunua diski mbili za kuzunguka za bekapu. Moja iko dukani, nyengine iko Seeb nyumbani kwa khalti, na kila Ijumaa akenda kula huko anazibadilisha.