Staa, Kabla Hujamkata Kedi Wetu Hela, Pima Hiyo Weji

Wadau wa ubuyu, leo hatuongelei nani kaachana na nani. Leo ni gofu. Msikimbie, ubuyu upo humo humo.

Mji kasoro bahari tulipata ugeni wikiendi iliyopita. Jina sitaji, mkikisia shauri yenu. Ni msanii wa Bongo Fleva, nyimbo zake zinapigwa kwenye daladala zote za Msamvu, na siku hizi kahamia kwenye gofu kama walivyohamia wenzake. Kaja na gari mbili, washkaji wanne na begi jipya la fimbo, nyingine bado zina nailoni kwenye mshikio. Klipu aliyopost mmeiona: suruali nyeupe, ukungu umekaa juu ya Lupanga, yeye anatabasamu. Picha safi kabisa, Uluguru huwa haimwangushi mtu kwenye picha.

Klipu ambayo hakupost ndiyo inayozunguka kwenye magrupu. Yuko kama mita 80 kutoka kwenye grini, kashika weji. Anapiga, mpira unaenda kushoto. Anaweka mwingine, kushoto. Wa tatu, kushoto tena, kwenye miti. Kisha anamgeukia kedi, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, anamwambia, "Wewe dogo, unanielekeza vibaya." Mwisho wa mchezo akamlipa nusu ya walichokubaliana, tena mbele ya watu.

Mimi nasema kedi alikuwa sahihi na fimbo ndiyo ilikuwa inasema uongo. Sisemi kwa sababu ni mtu wa kwetu. Nasema kwa sababu mipira yote mitatu ilienda upande mmoja, karibu njia moja. Mtu akielekezwa vibaya anakosea huku na kule. Kosa linalojirudia vile, mara nyingi chanzo chake ni chuma.

Iko hivi. Weka fimbo chini ikae sawasawa kwenye tako lake. Kati ya mpini na ardhi kuna pembe, wachezaji wanaiita lai. Kwa weji nyingi za dukani huwa karibu digrii 64. Imetengenezwa kwa mtu wa wastani, na huyo mtu wa wastani hajulikani anaishi wapi. Kama fimbo ni wima mno kwako, kisigino chake ndicho kinachogusa nyasi kwanza, ncha inabaki juu, na uso wa fimbo unatazama kushoto kwa anayecheza kwa mkono wa kulia. Kama imelala mno, ncha inachimba na mpira unakimbilia kulia. Kedi alipowaonyesha watu makato ya nyasi aliyoacha staa, yalikuwa yamechimbika upande wa kisigino, upande wa pili nyasi zimeguswa tu. Huo ni ushahidi tosha jamani, polisi wanakamata watu kwa pungufu ya huo.

Sasa mtu atauliza, mbona fimbo zake nyingine zilikuwa zinaenda vizuri tu? Hapo ndipo patamu. Chukua ungo wa king'amuzi. Usimamishe wima kama ukuta, halafu uinamishe pembeni kidogo: bado unatazama mbele. Sasa ulaze utazame juu, kisha uinamishe pembeni vile vile: umeshaanza kutazama kwa jirani. Fundi yeyote wa ving'amuzi hapa mjini analijua hili bila kwenda shule ya gofu. Weji ndiyo huo ungo uliolazwa. Fimbo ya chuma namba 5 yenye uso uliolala digrii 27, ukikosea lai kwa digrii 2, uso unageuka kama digrii 1. Weji ya digrii 56, kosa lile lile la digrii 2, uso unageuka karibu digrii 3. Kwa mita 80 hiyo ni kama mita 4 nje ya mstari. Mita 4! Na weji ndiyo fimbo unayoishika ukiwa karibu, pale ambapo unatakiwa uweke mpira miguuni kwa bendera. Yaani fimbo inayohitaji kupimwa kuliko zote ndiyo watu wanaichukua dukani kama soda.

Na kupima hakuhitaji mkwanja. Nunua kalamu ya ubao mweupe, zile za walimu. Chora mstari mnene kwenye mpira, uuweke mstari usimame wima ukiutazama uso wa fimbo, halafu piga kwa swingi yako ya kawaida. Wino utabaki kwenye uso wa fimbo. Mstari ukisimama wima, umepona. Kichwa cha mstari kikiegemea upande wa ncha, fimbo ni wima mno kwako. Kikiegemea kisigino, imelala mno. Piga kama mipira kumi, usiamini mmoja. Na ufanye kwenye ardhi tambarare, kwa sababu huku kwetu chini ya milima miteremko nayo ina maneno yake: mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu yako utaenda kushoto hata kwa fimbo ya halali.

Usipime kwa kusimama tu ukajitazama kwenye kioo, maana nimeona mastaa wanafanya hivyo. Fimbo ikiwa mwendoni mpini unapinda kidogo na ncha inashuka, kwa hiyo ncha kuwa juu kidogo ukiwa umesimama si kosa. Tena kwa weji kuna jambo la ziada. Mipira mingi ya weji unapiga nusu swingi, na nusu swingi haiushushi mpini kama swingi kamili. Ndiyo maana wapo wachezaji wazuri wanaoziacha weji zao zilale digrii moja zaidi ya inavyotegemewa ukitazama fimbo zao nyingine. Kimo nacho si kila kitu. Watu wawili wa urefu mmoja, mmoja mikono inafika magotini, mwingine mifupi, hawawezi kushika fimbo moja. Kampuni ya Ping, aliyoianzisha mhandisi Karsten Solheim mwaka 1959, inaweka vidoti vya rangi kwenye fimbo zake kuonyesha lai, na mahali pa kuanzia ni urefu wako pamoja na umbali kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni. Nyeusi ndiyo ya kawaida. Staa wetu angeulizwa doti yake ni rangi gani angedhani ni kiingilio cha VIP.

Kurekebisha ndiko kunakohitaji fundi. Kuna mashine inakibana kichwa cha fimbo, kisha shingo inapindwa kwa nondo maalumu, digrii kwa digrii, huku inapimwa. Weji ya chuma laini kilichofuliwa inakubali vizuri. Ile ya chuma cha pua kilichomiminwa ni kaidi, ukiilazimisha inaweza kukatika, kwa hiyo digrii 1 au 2 inatosha. Tafadhali sana, msipeleke kwa mafundi wa kuchomelea geti. Nawaheshimu, geti langu walichomea wao, lakini hii si kazi yao. Na umalize kabla ya mashindano, kwa sababu sheria za gofu haziruhusu kubadilisha fimbo makusudi katikati ya raundi.

Najua wajuaji watakuja: "Huyo hajui kupiga, fimbo haina kosa." Nusu ya hoja naikubali. Kama swingi yako leo hivi kesho vile, usipinde chochote, utakuwa unamshonea suti mtu anayenenepa. Mfundishwe kwanza. Lakini anayekosea upande ule ule kila mara tayari ana swingi, nzuri au mbaya, ni ya kwake. Ukimwacha na fimbo isiyomkaa ataanza kuipinda miili yake kuifuata fimbo: mikono juu, mgongo wima, na mwaka mzima wa mwalimu unapotea hapo.

Wanaoumia zaidi na jambo hili hata si mastaa, ni makedi wenyewe. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mabegi, wakijifunza kwa fimbo za kupewa au za mtumba. Fimbo ya mzungu wa futi sita inaangukia kwa kijana wa Bigwa wa futi tano na kidogo, naye anajifunza kwa kupambana nayo. Suruali ya mtumba tunampelekea fundi cherehani pale Soko la Chifu Kingalu akate mguu, hakuna anayeona ajabu. Fimbo ya mtumba inabaki ilivyokuja. Halafu mtu huyo huyo aliyejifunza gofu kwa njia ngumu ndiye anayeambiwa hajui kuelekeza.

Na la mwisho kwa wasanii wetu. Huu ni mji wa Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe. Hapa gitaa lilikuwa linatyuniwa kwanza, ndipo watu wanacheza. Wewe mwenyewe, ndugu yangu, studio hurekodi mpaka kila kitu kikae kwenye noti. Weji unaichukua na nailoni yake, unaenda nayo uwanjani.

Yule baba hajalipwa nusu yake mpaka ninavyoandika hapa. Namba yake washkaji zako wanayo. Ukituma, anza na shikamoo.