Kiangazi cha Kwanza Mjini

Kila mwaka, shule zinapofungwa mwanzoni mwa Julai, jamaa nyingi hufika Lubumbashi kukaa. Baba amepata kazi katika migodi, au mtoto mkubwa ataingia Chuo Kikuu, au mambo yaliharibika kule walikotoka wakaona heri kuhama. Wanapanga nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Katuba, wa Ruashi au wa Kenya. Wanajifunza bei ya unga, bei ya makala na njia ya basi. Kisha wanafunga mlango. Mama anashinda ndani pamoja na watoto wadogo, baba anarudi jioni amechoka, na Jumapili inapita kama siku nyingine. Ukiwauliza habari, wanajibu: «Tuko, tunavumilia. Tukisha kupata fedha, ndipo tutatembea.»

Wasomaji wapenzi, leo tunapenda kusema na jamaa hizo, na pia na wenyeji wanaokaa kando yao. Maneno yetu ni machache: anayengoja utajiri ili afurahi na wenzake atabaki mgeni, hata akae mjini miaka ishirini.

Kwanza tukumbuke mji huu ulivyozaliwa. Mwaka wa 1910 reli iliyotoka kusini ilifika hapa, na mwaka wa 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa kando ya mto Lubumbashi. Mji uliitwa Elisabethville mpaka mwaka wa 1966. Watu walikuwako katika nchi hii tangu zamani, lakini wafanyakazi wengi waliletwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, Lomami, Kasai, Rwanda na Burundi. Mwanzoni wanaume walikuja peke yao kwa mapatano ya miezi michache. Walilala kambini, wengi wakafa kwa magonjwa, na waliopona wakarudi kwao. Karibu na mwaka wa 1928 kampuni ya Union Minière ilibadili desturi hiyo, ikaandika watu kwa miaka mitatu na kuwaleta wake na watoto wao, kwa kuwa iliona kwamba mtu mwenye jamaa hukaa kazini.

Kampuni ilitafuta faida yake. Lakini wanawake wale walipofika walifanya jambo lisiloandikwa katika mapatano yoyote: walisalimiana. Walikopeshana chumvi, walionyeshana mapishi, watoto wao wakacheza pamoja, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zote. Basi mgeni wa leo asione haya. Karibu katika kila lupango kuna habari ya babu au bibi aliyeshuka hapa siku moja na mzigo wake, asimjue mtu hata mmoja.

Sasa tutazame majira yenyewe. Mtu anayetoka Kisangani, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi, hushangaa sana anapoona kiangazi cha kwetu. Lubumbashi iko juu, kadiri ya metra 1.200 juu ya bahari. Tangu Mei mpaka Septemba mvua ni kama imesahau njia. Mbingu ni safi, vumbi jekundu hutanda, na usiku wa Juni na wa Julai baridi hushuka chini ya digrii 10. Mgeni hulalamika: «Mbona hamkutuambia tulete mablanketi?» Lakini akizoea kidogo ataona faida yake. Kwa kuwa mvua haiwezi kuharibu shauri lolote, haya ndiyo majira ya ndoa, ya michezo na ya kwenda kuwatazama ndugu. Asubuhi watu hutoka na viti vyao kuota jua kando ya ukuta. Hapo hakuna kiingilio. Peleka kiti chako, sema «Jambo mama, jambo baba», uketi. Siku ya tatu watakuuliza unatoka wapi. Juma likiisha watakuonyesha mahali pa kupata unga kwa bei nafuu, na mwalimu gani anafundisha vizuri.

Na furaha nyingine ziko wapi? Tutaje chache tu, maana kila mtaa una zake.

Kuna munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi kinachotengenezwa kwa mizizi ya mmea wa jina hilo hilo. Kikiwa kipya hakilevyi, na hata mtoto hukinywa. Kuna michopo, nyama ya mbuzi inayochomwa motoni na kukatwa vipande mbele yako. Wenye mshahara mdogo hununua fungu moja, wakaligawa watu wanne pamoja na kitunguu na pilipili, na mazungumzo yakaongeza kilichopungua. Kuna vitumbula vya asubuhi, karanga za kukaanga na viazi vitamu vilivyofukiwa katika majivu.

Kuna matembezi pia. Mtoto aliyefika mjini asidhani kwamba mji ni soko na kituo cha basi tu. Apelekwe kwenye bustani ya wanyama. Apelekwe kwenye jumba la makumbusho, aone misalaba ya shaba ambayo watu wa Katanga waliitumia kama fedha kabla mji huu haujajengwa. Hapo atafahamu kwamba shaba haikuvumbuliwa na wageni, na kwamba nchi anayoikanyaga ina wazee wake. Atakapofika mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, joto linaporudi, atazame miti ya jakaranda inavyojaa maua ya rangi ya zambarau kabla ya mvua. Furaha hiyo hailipiwi hata faranga moja.

Vijana wao hawahitaji kuelezwa mengi: kiwanja kikavu na mpira vinatosha. Tena wajue kwamba timu ya Mazembe, iliyopata ubingwa wa Afrika mara tano, katika miaka ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, ilianzishwa mwaka wa 1939 na watawa Wabenedikto ili vijana wawe na mchezo wao. Na wanaopenda muziki wajue kwamba mwaka wa 1952, wakati Hugh Tracey alipofika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa lake peke yake. Gitaa hilo likasikika mbali sana. Furaha ya mtu mmoja na nyuzi sita, ikisikilizwa na wengine, huweza kuwa mali ya nchi nzima.

Jioni inapoingia, mbabula huwashwa mbele ya nyumba. Makala yakishika moto vizuri, watu hukaribia mmoja mmoja: bibi na mjukuu, jirani wa kushoto, mpangaji wa nyuma. Hapo hadithi huanza, na vitendawili, na habari za mpira. Twendeni tukaote moto pamoja. Lakini hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, hasa ninyi mliofika karibuni na msiozoea baridi hii. Moto wa mbabula uishie nje. Msiingize makala yanayowaka katika chumba cha kulala na kufunga mlango na madirisha. Makala hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, naye haamki tena. Jamaa nzima huweza kufa kwa usiku mmoja namna hiyo, na si kwa uchawi wa jirani yeyote. Zimeni makala nje, kisha mjifunike vizuri. Kama kuna mtoto aliyekosa blanketi, kumnunulia moja ni bora kuliko shati la pili la baba.

Tunajua mtakayojibu. Wengine watasema: «Hatuna fedha.» Lakini hesabuni vizuri. Mara nyingi fedha iko, nayo huishia kwenye baa, chupa baada ya chupa, katikati ya watu ambao kesho hawatalikumbuka jina lako. Thamani ya chupa mbili ingetosha kununua munkoyo na karanga za lupango zima. Hatumkatazi baba asiketi na rafiki zake. Tunamwuliza tu: mkeo, aliyekufuata katika mji huu asioujua, anazungumza na nani tangu asubuhi mpaka jioni? Mama mmoja anaweza kukaa miezi sita mjini bila mtu mwingine kumwita kwa jina lake. Upweke wa namna hiyo hauonekani kama homa, lakini hukausha moyo, na watoto ndio wa kwanza kuuona.

Wengine watasema: «Watu wa hapa si kabila letu. Hatuwaamini.» Neno hilo ni zito, nasi hatutalipita kwa haraka. Katika miaka ya 1992 na 1993 chuki ya kabila iliwashwa katika Katanga. Maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, hasa Likasi na Kolwezi. Walilala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Wengi kati yao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Hatusemi kwamba bakuli la karanga lingezuia mambo yale, kwa sababu wakubwa ndio waliouchochea moto. Lakini ni rahisi kumkana mtu usiyemjua jina, na ni vigumu kumkana yule aliyeota moto wako na kumbeba mtoto wako. Kwa hiyo jamaa za makabila mawili zinapoketi jioni kwenye mbabula moja, wasiseme ni mchezo tu. Wanajenga kitu ambacho watakihitaji siku mbaya.

Basi mgeni aanze namna gani? Kwanza, asalimu. Asingoje kusalimiwa, hata kama kwao mkubwa husalimiwa kwanza. Katika mji, mtu hajui bado nani ni mkubwa. Pili, akiazima kitu, chungio au jembe, akirudishe siku ile ile, na juu yake aweke kitu kidogo: nyanya mbili, au mafungu ya lengalenga. Tatu, mama atafute wanawake wenzake wa likelemba, lakini aanze na fedha kidogo, na pamoja na watu anaojua nyumba zao. Fedha ya zamu ni nzuri, lakini mazungumzo ya siku ya kukusanya ni mazuri zaidi. Nne, watoto waandikwe katika chama cha vijana, Kiro, Xaveri au Skauti, ili likizo isipite wakizurura. Watoto hupata marafiki upesi, na kwa njia yao wazazi hufahamiana.

Na wenyeji je? Wahenga walisema: «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Anayefika huleta mapishi mapya, hadithi mpya, na mikono ya kusaidia siku ya msiba. Msimcheke kwa matamshi yake. Msimwuzie kwa bei ya mgeni. Na ikiwa mlango wa jirani mpya umefungwa kwa juma zima, pigeni hodi. Labda mama amelala na homa, wala hajui zahanati iko wapi.

Tumalize na siku moja ya kiangazi ambayo nchi yetu yote huiadhimisha: tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi. Asubuhi watu huenda makaburini na majembe na maji, wakang'oa majani, wakasafisha makaburi ya wazazi wao. Mchana hurudi kuwaheshimu wazazi walio hai kwa chakula na nyimbo. Kwa mgeni siku hiyo ni ngumu kuliko nyingine. Wafu wake wamelala mbali, Kabinda au Kalemie au Kisangani, na hapa hana kaburi la kufagia. Hukaa nyumbani akiwasikia wengine wakipita njiani.

Ninyi wenyeji, msimwache nyumbani siku hiyo. Mwiteni, mpeni jembe moja, mwende pamoja. Naye atasafisha kaburi la baba yenu kama angesafisha la baba yake. Njiani mwulizeni baba yake aliitwa nani, akatamke jina hilo huko makaburini, katikati ya yale ya kwenu. Mchana akirudi, awekewe kiti mezani. Na ninyi wageni, mkiitwa msikatae kwa haya, wala msiseme kwamba hamna nguo nzuri. Twaeni jembe, mfuateni jirani.