Msiyakimbize Maji Kwenda Ggaba

Kila mvua kubwa inapoifurisha Kampala, wakubwa kwa wadogo hudai jambo lilelile: panueni mifereji, wekeni zege, maji yaondoke. Yaondoke yaende wapi? Mfereji wa Nakivubo hubeba uchafu wa katikati ya jiji hadi ghuba ya ndani ya Murchison, katika Ziwa Victoria. Kilomita chache tu kutoka hapo, Ggaba, ndipo mitambo inapovuta maji ya kunywa ya jiji hilohilo. Fika kwenye mwalo wa Ggaba uone maji mazito ya kijani yakipiga ubavu wa mitumbwi, nayo maji kama hayo hudai dawa zaidi kabla hayajafaa kunywewa.

Kati ya mfereji na ziwa kuna kinamasi cha Nakivubo. Sehemu ya mafunjo yake huelea, mizizi ikining'inia majini, na humo ndimo vijidudu hula uchafu huku mimea ikinyonya naitrojeni na fosforasi. Kazi hiyo inataka muda. Maji yakipita mbio katika mkondo mmoja, mafunjo ya pembeni hayayapati kabisa. Kwa hiyo wanakosea pia wanaodhani kwamba kufufua kinamasi ni kufukuza wakulima tu na kungoja mafunjo yaote.

Sisemi maduka ya mjini yazame. Nasema zege likome bonde linapoanza. Hapo, kabla ya reli ya Port Bell, pawe na mtego wa plastiki na mchanga, kisha maji yagawanywe kwa milango mingi yaenee upana wote wa bonde. Vijifereji vya mashamba ya magimbi vizibwe, kwani watafiti walipima wakakuta mafunjo yanasafisha maji vizuri kuliko magimbi. Wakulima hao wapewe kazi ya kulipwa ya kuvuna mafunjo kwa zamu, maana yakiozea palepale hurudisha sehemu ya uchafu yaliounyonya.

Mwaka 1999 mtafiti Lucy Emerton na wenzake walikadiria kuwa huduma ya kinamasi hiki ya kusafisha maji ina thamani ya dola milioni 1 hadi 1.75 kwa mwaka. Ni kweli, mtambo mpya wa maji wa Katosi, Mukono, unaongeza maji ya jiji, lakini hausafishi ghuba.

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, inaikabidhi serikali ardhioevu kwa niaba ya wananchi. Basi kabla ya kumwaga zege jingine, mamlaka ya jiji, KCCA, na mamlaka ya mazingira, NEMA, zituonyeshe mchoro unaotaja maji yatakaa ndani ya mafunjo siku ngapi.