Saratani ya ngozi si ya Wazungu peke yao

Hivi wadau, wavaa fulana za Bob Marley wangapi wanajua kilichomuua? Melanoma, saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Iligunduliwa 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Sisi weusi melanoma hupenda kututokea kwenye nyayo, viganja na kucha, tena jua halihusiki sana. Wenzetu wenye ualbino, jua huwaletea saratani nyingine: vidonda visivyopona usoni, masikioni, shingoni. Zikiwahiwa, mara nyingi upasuaji unatosha.

Kwa hiyo doa linalokua, au kidonda kilichogoma kupona, tusikimbilie duka la dawa. Twendeni hospitali kikapimwe. Na losheni ya jua kwa mwenye ualbino ni dawa, jamani, si urembo!