FLETI YA REHANI: MASHARTI YA BENKI NA MASHARTI YA JENGO



Kwa miaka mingi mfanyakazi wa mjini alikuwa na njia mbili za kupata makazi. Ya kwanza ilikuwa kupanga. Ya pili ilikuwa kutafuta kiwanja na kujenga kidogo kidogo, leo mifuko mitano ya saruji, mwakani bati kumi, hata mtoto aliyezaliwa siku ya kuchimba msingi akaingia darasa la tano nyumba haijapigwa lipu. Siku hizi imeongezeka njia ya tatu, nayo ni kununua fleti ndani ya jengo la ghorofa kwa mkopo wa benki, fleti hiyo yenyewe ikiwa ndiyo rehani.

Njia hii ina heri yake. Familia huhamia mara moja, na kodi iliyokuwa ikiishia mfukoni mwa mwenye nyumba sasa inalipia mali ya familia. Lakini lipo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui mpaka wamekwisha kutia saini: anayenunua fleti kwa mkopo huingia katika ahadi mbili kwa siku moja. Ahadi ya kwanza ni kwa benki. Ya pili ni kwa majirani zake wa jengo zima. Ya kwanza ina mwisho, ya pili haina.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuelewane. Bwana mmoja ni mzaliwa wa Nyamwage, pale ambapo njia ya Utete inachepuka kutoka barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Anafanya kazi Dar es Salaam, ana mke na watoto watatu. Mama yake mzazi yuko Nyamwage katika nyumba ya familia yenye mikorosho nyuma yake. Bwana huyu ameona tangazo la fleti ya vyumba viwili, na moyo umekwisha kuhamia huko. Afanye nini kabla mwili haujaufuata moyo?

TULIKOTOKA

Kwanza inafaa akumbuke kwamba mikopo ya nyumba si mambo mageni katika nchi yetu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973, na wakazi kadhaa wa viwanja vilivyopimwa vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni walijenga kwa mikopo yake. Lakini benki ile ilifungwa mwaka 1995, na moja ya sababu kubwa ilikuwa mikopo isiyorudishwa. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka kumi, mtu wa kipato cha kawaida hakuwa na mlango wa kubisha.

Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2008. Katika mwaka huo Bunge lilipitisha sheria mbili zinazokwenda pamoja kama kinu na mchi. Moja ilirekebisha taratibu za mikopo ya rehani za nyumba. Ya pili ilihusu umiliki wa sehemu za jengo, yaani iliwezesha fleti moja ndani ya ghorofa kuwa na hati yake yenyewe. Kabla ya hapo ardhi na jengo lote vilikuwa kitu kimoja katika daftari la Msajili wa Hati, na haikuwa rahisi kwa benki kushika chumba cha ghorofa ya tatu kuwa rehani. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, ili nazo ziweze kumkopesha mwananchi kwa miaka mingi.

UNANUNUA KITU GANI HASA?

Mtu anayejenga Nyamwage anajua mpaka wake: kutoka mwembe huu hadi mkorosho ule. Mwenye fleti mpaka wake ni kuta zake. Ngazi, paa, lifti, tangi la maji, pampu, ua, geti na mabomba yanayopita kutoka ghorofa moja hadi nyingine ni mali ya pamoja. Kila mwenye fleti ana fungu lake katika mali hiyo, wala hawezi kuliuza fungu hilo peke yake akabaki na fleti. Viwili hivyo ni pete na kidole.

Kwa sababu mali ni ya pamoja, sheria inawaweka wamiliki wote katika chama chao. Huombwi kujiunga, ukinunua, umekwisha kuwa mwanachama. Chama hicho hutunza jengo, hukusanya michango, na husimamia kanuni za jengo. Kanuni hizo zinaweza kurekebishwa na wamiliki wenyewe mkutanoni. Asiyehudhuria mikutano atakuja kukuta mambo yamekwisha kuamuliwa.

Hapa ndipo maisha yetu ya kila siku yanapogongana na karatasi. Ndugu wakija kutoka Nyamwage na gunia la mpunga, utatwangwa wapi? Kinu kikidunda ghorofa ya tatu, aliye ghorofa ya pili atadhani paa linashuka. Jiko la mkaa barazani, kuku wa kufuga, kuanika mpunga kwenye ngazi, kuuza barafu na maandazi mlangoni, maturubai ya harusi uani, matanga ya siku tatu na wageni hamsini: kila moja ya haya laweza kuwa limekatazwa au limewekewa utaratibu. Ukitaka kubomoa ukuta wa ndani kupanua sebule, huenda ukahitaji kibali, kwa maana ukuta huo pengine ndio unaomshikilia jirani wa juu.

Msomaji asidhani kanuni hizi ni za kuwaonea watu. Jengo la familia arobaini lisilo na kanuni ni sokoni. Lakini kanuni inayomfaa karani asiye na watoto yaweza kumwelemea mama anayeendesha nusu ya maisha ya nyumba kwa biashara ya vitumbua. Ndiyo sababu kanuni husomwa kabla ya kununua, tena husomwa na mume na mke kwa pamoja.

KWA NINI BENKI INAJALI NGAZI NA PAMPU?

Benki inashika fleti kama dhamana kwa miaka mingi. Kama wamiliki hawachangi, pampu ikafa, lifti ikasimama, paa likavuja, thamani ya kila fleti hushuka, hata ya yule aliyelipa kila senti. Kwa hiyo benki makini huuliza habari za chama na michango kabla ya kutoa fedha.

Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mkopaji wajibu zaidi ya kurudisha fedha. Anatakiwa kulipa kodi na tozo za mali hiyo, kuitunza isiharibike, na asiipangishe kwa muda mrefu bila ridhaa ya mkopeshaji. Maana yake ni hii: bwana wetu akipanga kukaa na shemeji zake Mbagala na kupangisha fleti ili mpangaji alipe mkopo, inampasa apate majibu mawili, la benki na la kanuni za jengo. Jibu moja la ndiyo halitoshi.

HESABU YA JIKONI

Sasa tushike kalamu. Tuseme fleti inauzwa shilingi milioni 50. Bwana wetu ana milioni 10 za kuanzia, anakopa milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, alipe kwa miaka 15. Marejesho yake yatakuwa kiasi cha shilingi 560,000 kila mwezi. Hadi mwisho atakuwa amelipa karibu milioni 100 na laki nane kwa mkopo wa milioni 40. Huo si wizi, ndiyo bei ya muda. Lakini ni vema mtu aione kabla.

Watu wengi huishia hapo. Tuendelee. Tuseme michango ya jengo ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Hizo ni 720,000 kwa mwaka, na kwa miaka 15 ni milioni 10 na laki nane, zimeipita hata ile milioni 10 ya kuanzia. Ongeza bima ya nyumba, na mara nyingi bima ya maisha ya mkopaji. Ongeza gharama za mthamini, za mwanasheria na za kusajili hati na rehani. Ongeza mchango wa dharura siku paa litakapohitaji kufanyiwa ukarabati mkubwa. Familia inayoweza kulipa 560,000 kwa shida haiwezi kulipa 620,000 kwa wepesi.

Kipimo chetu ni rahisi. Miezi sita kabla ya kukopa, weka kando kila mwezi tofauti kati ya kodi unayolipa sasa na jumla utakayolipa baadaye. Kama mwezi wa tatu umekwisha kuzichomoa fedha hizo kununulia sare za shule, jibu umepata, na bado hujamdai wala kudaiwa na mtu.

SAINI YA MWENZIO, NA NYUMBA YA MAMA

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi nayo inadai ridhaa hiyo ionekane kwenye rehani. Baadhi ya waume huichukua saini ya mke kama muhuri wa posta: tia hapa, twende. Si hivyo. Dada msomaji, saini yako ni mali. Usiitoe kwa karatasi usiyosomewa ukaielewa, maana siku ya kutolewa vyombo nje haviulizwi ni vya nani.

Lipo na kishawishi kingine. Bwana wetu akiambiwa milioni 10 hazitoshi, atakumbuka nyumba ya Nyamwage. Ardhi ile ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo hutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo ina thamani na yaweza kutumika kuombea mkopo, ingawa benki nyingi husitasita, kwa kuwa mnunuzi wa ardhi ya kijiji hapatikani kirahisi kama wa mjini. Lakini swali kubwa si kama benki itakubali. Swali ni mama atakwenda wapi. Nyumba ya familia ndiyo kimbilio la kila mtoto ambaye mji umemshinda. Kuiweka rehani ili kununua fleti ni kuchoma ngazi uliyopandia. Ushauri wetu ni kwamba asifanye hivyo. Ni heri achague fleti ndogo zaidi, au asubiri miaka miwili.

YAKIKWAMA

Ugonjwa hutokea, na kazi huisha. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji hawezi kuamka asubuhi na kuuza. Sheria inamtaka kwanza atoe notisi ya maandishi, na mkopaji ana siku 60 za kurekebisha kasoro. Hata ikifika kuuza, mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, siyo kuitupa mali kwa rafiki. Lakini siku 60 ni kama mvua za vuli, huisha ukiwa bado unatafuta jembe. Kwa hiyo nenda benki mwezi ule ule wa kwanza unaoona mambo yanakuwa magumu, uombe kupangiwa upya marejesho. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa; anayefuatwa huhukumiwa.

Na kwa majirani ni vivyo hivyo. Usijifiche ngazini unapomwona mweka hazina wa chama. Andika barua, omba kulipa kwa mafungu, na timiza.

MASWALI YA KUULIZA

Kata kipande hiki cha gazeti, ukitie mfukoni siku ya kwenda kuona fleti:

1. Je, fleti hii ina hati yake iliyosajiliwa, au ni ahadi tu? Bila hati, rehani haisajiliwi.

2. Haki ya kumiliki ardhi ya jengo ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebaki mingapi?

3. Chama cha wamiliki kimeundwa? Mkutano wa mwisho ulifanyika lini?

4. Michango ni kiasi gani, na mwenye kuuza anadaiwa kiasi gani? Taka jibu kwa maandishi.

5. Mfuko wa akiba wa jengo una fedha, au kila pampu ikifa ni kupitisha kofia?

6. Nakala ya kanuni iko wapi? Inasemaje juu ya wapangaji, biashara ndogo, mifugo, sherehe na misiba?

7. Benki inaruhusu kulipa deni mapema? Kwa adhabu gani? Na riba yaweza kupandishwa?

Ukipata majibu saba ya kuridhisha, kaa na mwenzio usiku mmoja zaidi, kisha tieni saini kwa mkono usiotetemeka. Ukipata majibu ya "tutaona baadaye", shuka ngazi ukaendelee kutafuta.

Waliovuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 wanakumbuka kwamba msafiri mwenye busara hakuuliza nauli tu. Aliuliza pia mto umejaa kiasi gani, na kivuko kimebeba nini. Deni la miaka 15 ni mto mpana kuliko ule. Uvuke, lakini uulize kwanza.

Tukutane Jumapili ijayo.