Barua ya Benki Kwanza, Dalali Baadaye

Sheria ya mwaka 2022 iliwaruhusu wanachama wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda waliotimiza miaka 45, na waliochangia kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yao kabla ya kustaafu. Tangu hapo tumewaona wenzetu wakipokea fedha hizo na kumwendea dalali moja kwa moja.

Sisi hatuna ugomvi na mtu anayetaka kutoka katika nyumba ya kupanga. Ugomvi wetu ni juu ya utaratibu. Nyumba inatafutwa, inapendwa, jamaa wanaletwa kuiona, arubuni inalipwa, ndipo mtu anakwenda benki kuuliza kama atakopeshwa.

Mwenzetu mmoja wa tawi letu alilipa arubuni ya shilingi milioni 20 kwa nyumba upande wa Mukono. Alipofika benki aliulizwa kwanza: hati ya ardhi iko wapi? Hati haikuwapo. Nyumba ilikuwa juu ya kibanja, katika ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Mwenye kibanja anazo haki zake chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998, lakini haki hizo si hati ambayo benki itaiandikishia rehani. Muuzaji naye alikwisha kulipa karo za watoto kwa fedha zile. Mpaka leo mwenzetu anadai.

Angalikwenda kuomba idhini ya awali ya mkopo, angaliambiwa mambo hayo bure au kwa ada ndogo. Benki hutazama karatasi za mshahara, taarifa za akaunti na madeni mengine, hata deni la televisheni ulilolisahau (ofisi za kumbukumbu za mikopo, zilizoanza Uganda mwaka 2008, hazisahau). Kisha hukuandikia kiasi inachoweza kukukopesha, na kukueleza ni ardhi ya namna gani inayokubali.

Hesabu nayo ifanywe mapema. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 17. Kwa miaka 15, makato ya kila mwezi ni kama shilingi 1,539,000, na jumla utakayorudisha ni kama milioni 277. Ukiongezewa muda hadi miaka 20, makato yanapungua kwa shilingi 72,000 tu kwa mwezi, lakini jumla inapanda hadi kama milioni 352. Na mwenye miaka 45 atakayestaafu akiwa na 60 hata hiyo miaka 20 hana, kwa kuwa benki hutaka deni liishe kabla mshahara haujakoma. Afadhali mtu ajue hayo akiwa bado hajaonyeshwa vyumba na veranda.

Lakini tusidanganyane: barua hiyo si fedha. Ina muda wake wa kwisha. Nyumba yenyewe itathaminiwa, na ikithaminiwa chini ya bei ya muuzaji, upungufu utautoa mfukoni. Hati itachunguzwa katika ofisi ya ardhi. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Rehani ya 2009 inasema hivyo, nasi tunaiunga mkono kabisa.

Liko na jambo ambalo mfanyakazi peke yake hawezi kulitengeneza. Mtu anayepewa mkataba wa mwaka mmoja, ukafanywa upya mara 9, benki humwona kama kibarua wa jana, na mlango wa mkopo wa miaka 15 unafungwa. Mwajiri anajua kuwa kazi hiyo ni ya kudumu, ila hataki kuandika hivyo. Hata wale wenye ajira ya kudumu husubiri barua ya kuthibitisha ajira yao wiki kwa wiki, kama kwamba wanaomba sadaka.

Katika mazungumzo yajayo ya mapatano ya pamoja tutadai barua hiyo itolewe ndani ya siku 7, na kila aliyefanya kazi ileile kwa miaka 3 athibitishwe kazini. Wanachama wenye mikataba iliyorudiwarudiwa wailete nakala zake kwa katibu wa tawi, pamoja na barua zozote za benki za kuwakatalia.