Nani Aliyesema Daktari wa Mbale ni wa Magendo?

Mchungaji mmoja wa hapa Busia, ambaye jina lake nitalistiri kwa heshima ya madhabahu na wala si kwa heshima yake, alishika kipaza sauti kwenye harambee ya karo akatuchekesha. Kijana aliyekuwa akichangiwa alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari upande wa Uganda. Mchungaji akasema atamwombea, ila sisi wazazi tuelewe kwamba kuna madaktari wa Nairobi, na kuna madaktari wa magendo, wale wanaoingia nchini usiku kwa njia za panya kama sukari. Kanisa zima likaangua kicheko. Mama wa kijana naye akacheka, kwa kuwa mtu anayechangiwa hana ruhusa ya kununa. Kisha mchungaji akatoa mia mbili.

Ningeyapuuza kama yangekuwa maneno yake peke yake. Lakini haya ni maneno ya mpaka mzima. Utayasikia ndani ya matatu ya kutoka Bumala, utayasikia kwenye vibanda vya chai pale Malaba ambako madereva wa malori husubiri karatasi zao hadi chai ipoe. Mtoto akiitwa Nairobi au Eldoret kusomea udaktari, mbuzi anachinjwa. Akipata nafasi Mbale, Ishaka au Mbarara, jamaa wananong'ona: huyo alishindwa huku, kwa hivyo amevuka kutafuta cheti. Na akirudi baada ya miaka mitano na stethoskopu shingoni, shangazi yake mwenyewe atauliza, "Na huyu anaweza kutibu kweli?"

Naomba kuuliza swali moja. Kabla ya mwaka 1967, Wakenya walikuwa wakisomea udaktari wapi?

Nauliza kwa sababu shule ya udaktari ya Nairobi ilianza 1967. Kabla ya hapo nchi hii haikuwa na shule ya udaktari hata moja. Makerere ilikuwa nayo tangu 1924. Kijana wa Nyeri, wa Maseno au wa Samia aliyetaka kuwa daktari bila kupanda meli kwenda Ulaya alielekea Kampala. Na alipitia wapi? Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 ilipita hapa hapa Malaba, ikakata kwenda Tororo kando ya ule mwamba unaouona ukiwa kwenye foleni ya forodha. Madaktari wetu wa mwanzo walivuka mpaka huu huu wakiwa na masanduku ya mbao, na hakuna mchungaji aliyewaita sukari.

Hata mwaka wa uhuru mambo yalipangwa hivyo kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, kazi iligawanywa: Dar es Salaam ikachukua sheria, Nairobi uhandisi na udaktari wa mifugo, Makerere udaktari wa watu. Serikali yetu ilikubali mgao huo. Kwa kifupi, Nairobi ilipewa ng'ombe na Kampala ikapewa binadamu. Leo mzee wa Nambale ananiambia kwamba Waganda hawajui kufundisha udaktari.

Shule ya Nairobi ilipofunguliwa, walimu nao hawakuanguka kutoka mbinguni. Chukua Profesa Joseph Maina Mungai, bingwa wa anatomia, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Nairobi kama Makamu Mkuu kuanzia 1979 hadi 1985. Udaktari wake aliusomea Makerere. Kwa hesabu ya mchungaji, huyo ni wa magendo. Waliofunzwa naye kupasua maiti ni wa magendo pia. Na waliofunzwa na hao, ambao ndio wanaotutibu sasa huko Nairobi kwa bei ya shamba, ni wa magendo kizazi cha tatu. Sijui basi mchungaji atamtoa wapi daktari halali siku mgongo utakapomkaza.

Nitarudia kwa wale wa viti vya nyuma: udaktari wa Kenya ulilelewa Uganda. Mwai Kibaki alisoma uchumi Makerere na tukampa ikulu. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Makerere na kila mwaka tulikuwa tukilalamika kwamba amenyimwa Nobel. Uchumi wa Makerere ni halali, fasihi ya Makerere ni halali, ila sindano ya Uganda ndiyo ya magendo!

Kuna wanaojitetea kwamba hayo ni ya zamani, kwamba Idi Amin aliharibu kila kitu. Ni kweli, miaka ya sabini iliwatimua wasomi wengi wa Uganda. Wakakimbilia wapi? Wengi walivuka wakaja huku, wakafundisha katika shule zetu, wakatibu katika hospitali zetu, na watu wa rika langu walifunzwa hesabu na walimu wenye lafudhi hiyo wanayoicheka sasa.

Wanaotaka mambo ya juzi wasiende mbali. Waende Mbale, ambayo ukitoka Malaba kwa gari kupitia Tororo ni safari ya saa moja na kitu, kama malori yatakupisha. (Hayatakupisha. Viongozi wa nchi zetu mbili walikuja Busia Februari 2018 wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani, tukaambiwa foleni zimekwisha. Mwanzoni mwa 2022 foleni ya Malaba ilihesabiwa kwa kilomita. Lakini hayo nitayaandika siku yake.) Pale Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE, na ndani yake daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alibuni njia ya kuwatibu watoto wenye maji kichwani bila kuwaachia mrija wa kudumu ambao ukiziba mtoto yuko hatarini. Warf ni Mmarekani. Angeweza kuivumbua njia hiyo kwao, lakini aliivumbua Mbale, kwa sababu ya watoto aliowakuta Mbale. Mwaka 2012 Wamarekani wakampa tuzo ya MacArthur, na leo madaktari wa nchi tajiri wanajifunza mbinu ya Mbale. Katika mji huo huo ndipo Chuo Kikuu cha Busitema kilipoweka kitivo chake cha afya. Na makao makuu ya Busitema yako wapi? Katika wilaya ya Busia, ile ya upande wa pili. Ni majirani zetu, si Mars.

Vitabu wanavyosoma wanafunzi wa Nairobi navyo vina ukurasa wa saratani inayovimbisha taya za watoto katika nchi za malaria kama hii yetu. Inaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Mwanafunzi wa Nairobi akifeli swali hilo anafelishwa na Uganda bila kuvuka.

Na Ebola je? Gulu ilipovamiwa mwaka 2000, Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alibaki wodini na wagonjwa wake hadi ugonjwa ukamchukua yeye mwenyewe Desemba mwaka huo. Ebola ilirudi Septemba 2022 kupitia Mubende, na Waganda wakaimaliza kabla Januari 2023 haijafika katikati. Ikarudi tena Januari 2025, wakaimaliza tena. Sisi huku Busia na Malaba tulichofanya ni kupimwa joto kwenye paji la uso na kuulizwa kama tumetapika. Waliosimama kati ya ugonjwa huo na kanisa la mchungaji wangu ni hao hao madaktari anaowafanyia mzaha.

Sasa nije kwa hoja zao, maana wanasema sisikilizi.

Hoja ya kwanza nilipewa na mwanamume mzima, mwenye miwani, mwanachama wa bodi ya shule: eti kule hufundishwa kwa Kiganda. Mzee, Mbale ni kwa Wamasaba, na lugha yao Mbukusu wa Bungoma huisikia bila mkalimani. Hata tohara yao na ya Wabukusu ni ndugu. Tena udaktari wa Uganda hufundishwa kwa Kiingereza, kile kile kilichomshinda mzee huyo katika dakika tatu za kuisoma ajenda.

Hoja ya pili ni ya alama. Wanasema aliyevuka alikosa alama, kwa hivyo hana akili. Hawa hawajui KUCCPS inavyogawa nafasi za vyuo, au wanajua na wanajifanya. Mtihani wa KCSE wa 2024 ulitoa A safi 1,693, huku waliopata C+ na zaidi wakiwa 246,391. Chini tu ya hizo A safi kuna msururu wa watoto wenye A- na B+ wanaong'ang'ania viti vichache vya udaktari. Sifa ya chini inayotangazwa ni B katika biolojia, kemia na mengine mawili, lakini kwa B hizo hupati kiti Nairobi hata ulale langoni. Kinachoamua ni idadi ya viti. Mtoto hutupwa nje kwa pointi yenye desimali, kisha sisi tunamsomea desimali hiyo maisha yake yote kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Akivuka, mara nyingi huongezewa muda wa kujiandaa kwanza, kwa kuwa Waganda bado wana vidato vya 5 na 6 ambavyo sisi tulivifuta ulipoingia mfumo wa 8-4-4. Yaani huyo mnayesema ametafuta njia ya mkato ameongezewa njia.

Na wanaocheka Mbale ndio hao hao wanaouza shamba ili mtoto aende Ukraine. Nimehudhuria sherehe za kuaga za namna hiyo, na hakuna aliyetaja magendo. Kharkiv hakuna aliyeifahamu, wengi hawakuweza kuitamka, lakini kwa kuwa kuna theluji, tulipiga vigelegele. Vita vilipozuka Februari 2022 tukaona wanafunzi wa Kiafrika wakitembea kwa miguu kwenye baridi kuelekea mpaka wa Poland. Mwanafunzi wa Mbale kukiharibika anapanda boda.

Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwasambaza katika kaunti. Walihitaji muda kuzoea hata "unaumwa wapi". Nani aliyesimama kanisani kuuliza cheti chao kilipitia njia gani? Walipokelewa kwa ngoma. Kiwango chetu cha kupima udaktari ni kilomita: kadiri chuo kilivyo mbali na Busia, ndivyo daktari anavyozidi kuwa halali. Mpwa wangu anayesoma upande wa pili aliniambia kwamba angekuwa na akili angetangaza kwamba yuko Cuba, halafu arudi likizo kila wiki.

Wagonjwa wenyewe wamekwisha kuamua. Mama wa Marachi mtoto akizidiwa hutazama nauli na saa. Kama hospitali ya misheni ya Dabani iko karibu, anavuka. Wa Malaba hukimbilia Tororo. Na yule wa Sofia upande wa Uganda huja hospitali yetu ya rufaa ya Busia, hasa siku ambazo madaktari wetu hawajagoma, na siku hizo nazo zahitaji kalenda. Hakuna mgonjwa niliyemsikia akidai kuonyeshwa shahada ya mtu kabla ya kuwekewa dripu. Ubaguzi huu ni wa watu wazima wa afya.

Hata anayetaka ukaguzi, ukaguzi upo. Hakuna anayefanya kazi ya udaktari Kenya kihalali bila kusajiliwa na Baraza la madaktari, KMPDC, na mabaraza ya nchi za Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari vya eneo hili kwa pamoja. Sukari ya njia ya panya haipiti kwa wakaguzi, ndiyo maana inapita kwenye matope ya usiku.

Kama mtu ana hasira na elimu ya udaktari, nitampa mahali pazuri pa kuipeleka. Mwaka 2017 serikali ilitia sahihi kwamba daktari mwanagenzi atalipwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 ikasema itatoa 70,000. Madaktari wakagoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na hata kabla ya mgomo huo katibu mkuu wa chama chao, Davji Atellah, alikuwa amejeruhiwa kichwani polisi walipowatawanya wanagenzi Nairobi. Waliosoma Nairobi, Eldoret, Maseno na Mbale wote walikaa nyumbani kwa mama zao wakisubiri kupangiwa hospitali, wengine wakiuza mitumba. Kuhusu hilo sikusikia mahubiri yoyote. Labda wenye kipaza sauti walikuwa wamealikwa kwenye maombi ya kitaifa.

Mzazi mwenye mtoto aliyeitwa upande wa pili asimwulize mchungaji. Amwandikie msajili wa Baraza aulize kama chuo hicho kinatambuliwa. Aulize hospitali ya kufundishia ina wodi zipi na mwanafunzi huanza kumgusa mgonjwa mwaka wa ngapi. Aulize karo ilipandishwa lini mara ya mwisho, na kama walimu wamelipwa mshahara wa mwezi uliopita. Kisha achukue maswali hayo hayo, neno kwa neno, ayapeleke kwenye vyuo vya huku kwetu, na asubiri majibu akiwa ameketi.